Nani Anamdai Nani Darasani?

Wiki ya kwanza ya muhula, mhadhiri hugawa mwongozo wa kozi, na karibu kila mstari humdai mwanafunzi. Ahudhurie vipindi, vyuo kadhaa vikitaka asilimia 75, la sivyo asiingie chumba cha mtihani. Akikawia kuleta kazi, anakatwa alama. Akinakili, kamati ya nidhamu inamngoja. Akianguka, kuna sapu, yaani mtihani wa marudio. Alama zikizidi kushuka, anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Mhadhiri ameandikiwa namba ya ofisi na saa za kuonana naye. Yeye akikosa vipindi vitatu, mwongozo umenyamaza. Mkuki kwa nguruwe.

Kinyume chake, Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, katika Zama za Kati kilimdai mwalimu. Chuo hicho, ambacho kwa mapokeo huhesabiwa kuanza mwaka 1088, kilikuwa mikononi mwa wanafunzi: watu wazima, wengi wao wageni waliokuja kusoma sheria, wakaunda vyama na kuwalipa walimu kutoka mifukoni mwao. Kanuni wakazitunga wao. Mwalimu alianza kengele ilipolia na kumaliza ilipolia tena. Kukosa hata siku moja kulihitaji ruhusa. Akitaka kutoka mjini, aliweka fedha za dhamana kwamba atarudi. Somo lake la kawaida likikosa wasikilizaji watano, alitozwa faini kana kwamba hakufika kabisa. Hakuruhusiwa kuruka sura, wala kulisogeza jambo gumu hadi dakika za mwisho.

Paris walitawala walimu, lakini nao walifungwa na kanuni. Zile zilizotolewa na Robert de Courçon, mjumbe wa Papa, mwaka 1215 zilimtaka mwalimu wa sanaa awe ametimiza miaka 21 na kusoma kwa miaka isiyopungua sita. Pia mtu hakuhesabiwa kuwa mwanafunzi wa Paris kama hana mwalimu wake anayejulikana.

Sharti hilo la mwisho lisingewashangaza watu wa Lamu. Katika darsa za Msikiti Riyadha, kituo alichokiasisi Habib Saleh, mwanachuoni aliyetoka Ngazija, elimu haikununuliwa, na milango ilikuwa wazi hata kwa waliodharauliwa na wenye vyeo mjini. Katika mapokeo ya darsa, mwanafunzi husoma kitabu mbele ya sheikh, sheikh akasahihisha, na anachopata mwishoni ni ijaza: idhini ambayo mwalimu huitoa kwa jina lake, ikitaja mnyororo wa walimu waliomtangulia. Mwanafunzi akiharibu, aibu inapanda mnyororo huo. Naye mwanafunzi hakuachwa gizani: mwanachuoni al-Zarnuji, katika kitabu chake cha adabu za kutafuta elimu, anamhimiza kumheshimu mwalimu, lakini kwanza amchague kwa makini, kama mwanasheria Abu Hanifa alivyomchagua mwalimu wake Hammad baada ya kutafakari.

Hakuna mapokeo yaliyokamilika. Nguvu ya Bologna ilikuwa pochi. Mji ulipoanza kuwalipa walimu mshahara, wanafunzi wakapoteza usukani. Na kwenye darsa, aliyedhulumiwa na sheikh hakuwa na pa kwenda zaidi ya kutafuta sheikh mwingine.

Mwanafunzi wetu amebeba mizigo ya pande zote mbili. Analipa kama wa Bologna, tena kwa mkopo atakaokatwa kwenye mshahara kwa miaka, bila sauti ya Bologna. Anatakiwa adabu ya Lamu, ilhali mbele ya mhadhiri mwenye ukumbi wa mamia yeye ni namba ya usajili. Ndiyo maana karatasi ya mahudhurio inapozunguka, anamsainia rafiki yake aliyelala bwenini na wala haoni kosa: kwa maoni yake, hakuna ahadi iliyowekwa ambayo yeye angeivunja.

Hili halihitaji faini wala mapinduzi. Mwongozo uongezewe mistari mitatu: kipindi kilichokosekana kitafidiwa lini, alama za kazi za muhula zitarudishwa siku gani kabla ya mtihani, na mwanafunzi akidhulumiwa amwendee nani. Kisha pande zote mbili zitie saini. Hapo ndipo chuo kitakapokuwa na haki ya kumwambia anayemsainia mwenzake kwamba amevunja ahadi, badala ya kumtisha tu kwa kanuni ambayo hakuulizwa.