Tarehe ya Nyumba ya Samora na Graça Machel

Watungao tarehe za nyumba kubwa wana ada ya kuzifuata nasaba za waume, fulani bin fulani, na kuwapita kwa mstari mmoja, au bila ya mstari, wanawake waliozilea nasaba hizo. Nyumba ya Samora Moisés Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji, haiwezi kusimuliwa hivyo, kwa kuwa dhuria yake ilitoka katika matumbo mbalimbali, ikafarikishwa na vita, wala haikupata kuwa ahali moja mpaka alipoingia Graça Simbine. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya mambo haya ilipita katika nchi yetu, Dar es Salaam, Tunduru, Nachingwea na Bagamoyo, tuna haki, na naona tuna deni pia, la kuyaandika katika lugha yetu.

Samora alizaliwa tarehe 29 Septemba 1933 Chilembene, katika jimbo la Gaza, kusini mwa Msumbiji, kwa wazazi wakulima ambao baadaye ardhi yao ilitwaliwa ikapewa walowezi wa Kireno. Akasomea uuguzi mjini Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo, akafanya kazi katika kisiwa cha Inhaca kilicho kwenye mlango wa ghuba ya mji huo, na huko ndiko alikoanza kuitwa baba, kwa mwanamke aliyekaa naye kinyumba. Kisha akazaa pia na mwuguzi mwenziwe. Mwaka 1963, alipokwisha kujua kwamba polisi wa siri wa Ureno wanamwandama, alitoroka akafika Dar es Salaam kujiunga na FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, na wanawe wakabaki nyuma kwa mama zao, chini ya serikali iliyomhesabu baba yao kuwa adui. Sisemi hayo kwa kumlaumu, wala siyafichi. Watoto wale walikua bila ya baba kwa muda wa miaka kumi na zaidi, na hiyo ni sehemu ya thamani ya uhuru ambayo hesabu za vita hazikuiandika.

Katika majeshi ya ukombozi Samora alikutana na Josina Abiatar Muthemba, aliyezaliwa tarehe 10 Agosti 1945, binti aliyejaribu kutoroka mara ya kwanza mwaka 1964 akakamatwa Rhodesia, akarudishwa akatiwa gerezani, naye hakukoma, akajaribu tena hata akafika Dar es Salaam. Alikuwa miongoni mwa wanawake 25 wa mwanzo waliofunzwa silaha Nachingwea mwaka 1967, na baadaye akapewa amana ya kuangalia mayatima wa vita, kuwatafutia makazi, chakula na masomo. Walioana Tunduru Mei 1969, miezi mitatu baada ya Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, kuuawa kwa bomu mjini Dar es Salaam, na mwezi wa Novemba akajifungua mtoto mwanamume. Josina alikuwa mgonjwa, walakini alirudi Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kwa miguu kutazama kazi zake, akazidiwa, akafa Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, umri wake miaka 25. Yeye aliyetafuta walezi wa mayatima akamwacha mwanawe naye yatima, hajatimiza mwaka mmoja na nusu. Siku ya kufa kwake ndiyo Siku ya Wanawake wa Msumbiji hata leo.

Graça Simbine alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1945, miezi miwili tu baada ya Josina, naye pia katika jimbo la Gaza alikozaliwa Samora. Baba yake alikufa wiki chache kabla yeye hajazaliwa, kwa hiyo elimu ya uyatima aliipata kabla ya elimu nyingine yoyote. Alisomeshwa na wamisionari wa Kimethodisti, akapelekwa Chuo Kikuu cha Lisbon kusoma lugha, na huko akajiunga kwa siri na wapigania uhuru. Mwaka 1973 alikuja Tanganyika yetu ya zamani, akafunzwa silaha, akawa mwalimu, kisha naibu mkuu, katika skuli ya sekondari ya FRELIMO iliyokuwa Bagamoyo. Uhuru wa Msumbiji ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975, alifanywa Waziri wa Elimu na Utamaduni, naye hajatimiza miaka 30. Na mwaka huo huo akaolewa na Samora.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Bibi harusi huyu alikuwa na cheo, elimu na uso wa dunia mbele yake, na kama angalitaka nyumba yake ianzie siku ya arusi yake, nani angalimlaumu? Watoto wa mumewe walikuwa wengi, wengine wamekwisha kuwa vijana, wa mama mbalimbali, na baba yao walimjua kwa kusikia zaidi ya kumwona. Yeye aliwapokea wote, mtoto wa Josina pamoja nao, akawa mama wa nyumba nzima. Na alipojifungua mwanawe wa kwanza mwaka 1976, msichana, huyo binti akaitwa Josina. Nimefikiri mara nyingi juu ya jambo hili. Kwetu pwani si ajabu mtoto kupewa jina la marehemu, lakini mara nyingi marehemu huyo ni bibi au shangazi. Kumpa binti wa tumbo lako jina la mke aliyekutangulia, na kulitamka kila siku mbele ya mtoto aliyeachwa naye, ni ukarimu wa moyo ambao sijauona mara nyingi. Baada ya binti akazaliwa mwana wa kiume, na hao wawili wakakua pamoja na ndugu zao wa baba mmoja.

Mume na mke walikuwa wakitumikia kazi moja kwa njia mbili. Wakati wa kupata uhuru, watu wazima zaidi ya tisa katika kila kumi hawakujua kusoma wala kuandika, na walimu wa Kireno walikuwa wakiondoka makundi kwa makundi. Graça akazijaza skuli watoto, wa kike na wa kiume, kisha vita vya waasi wa RENAMO vikaja kuzichoma.

Usiku wa tarehe 19 Oktoba 1986, siku mbili baada ya Graça kutimiza miaka 41, ndege iliyokuwa ikimrejesha Samora kutoka Zambia ilianguka Mbuzini, katika milima ya Lebombo upande wa Afrika Kusini, akafa pamoja na wenziwe zaidi ya 30. Serikali ya makaburu ilisema ni kosa la warusha ndege. Graça hakukubali neno hilo, na mwaka 1998 alikwenda mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini kudai uchunguzi. Alivaa nguo nyeusi kwa miaka mitano, hali akiendelea na uwaziri hata 1989, na watoto wote, wa tumbo lake na wasio wa tumbo lake, wakabaki mikononi mwake.

Mwaka 1994 Umoja wa Mataifa ulimtaka achunguze hali ya watoto katika vita, naye mwaka 1996 akatoa taarifa iliyobadili mwendo wa mataifa katika jambo hilo. Wengi huisifu kama kazi ya mtaalamu. Mimi naona iliandikwa na mwanamke aliyewalea watoto wa vita nyumbani kwake, akajua wanavyolala na wanavyouliza.

Oliver Tambo, kiongozi wa chama cha ANC cha Afrika Kusini, alikuwa amejitwika ulezi wa watoto wa Samora, na alipofariki mwaka 1993 amana hiyo ikamfikia mwenziwe Nelson Mandela, ambaye alimwoa Graça tarehe 18 Julai 1998, siku alipotimiza miaka 80. Hivyo nyumba ikapokea watoto na wajukuu wa Mandela, nao pia wa mama wawili, na Graça akaanza upya kazi aliyokwisha kuifanya Maputo. Jina la Machel hakulivua, na Mandela hakumtaka alivue.