Dialize: maswali ya kuuliza mbele ya kuanza

Munganga akisema mafigo hayafanye tena kazi, jamaa huuliza: mashini iko wapi? Lakini kuna swali kubwa zaidi: tutaweza kuendelea? Dialize haiponyeshe figo, inasafisha damu kwa nafasi yake. Kwa kawaida ni mara tatu kwa juma, masaa manne kila mara. Kuikatisha kunaweza kuua. Figo zilizoshtuka kwa sababu ya malaria kali zinaweza kurudi, basi uliza kama ni ya muda ao ya maisha.

Hopitalini, hapa Makiso ao kwengine, uliza pia:
- Beyi ya kila mara ni ngapi? Filtri, dawa na vipimo vimo ndani?
- Umeme wa SNEL ukikatika, jenereta iko?
- Maji yanasafishwa namna gani? Kila mara yanahitajika karibu lita 120.
- Wenye epatiti B wana mashini yao?

Anayekaa Lubunga ahesabu na feza ya kuvuka mto, mara sita kwa juma.

Kuna pia dialize ya tumbo, inayofanyika nyumbani bila umeme. Maji ya dawa, lita mbili hivi, yanaingia tumboni kwa mpira mdogo, yanakaa masaa, kisha yanatoka na uchafu. Ni mara nne kwa siku, karibu lita 240 kwa mwezi. Nani ataleta mifuko hiyo bila kukosa? Chumba kiwe safi, mikono inawe kwa sabuni. Maji yakitoka na ukungu, tumbo likiuma, kimbia hopitali siku ileile.