Karma: Kutoka Madhabahu ya Moto hadi Uwanja wa Nagpur

Upanishadi ya Brihadaranyaka, mojawapo ya maandiko makongwe ya Uhindu, inasimulia mjadala uliofanyika katika baraza la Mfalme Janaka wa Videha, kaskazini mwa Bara Hindi. Wabrahmini, watu wa tabaka la makuhani, wanashindana kwa hoja mbele ya mfalme, na mshindi ataswaga ng'ombe 1,000 waliofungwa dhahabu kwenye pembe. Mmoja wao, Artabhaga, anamkaba mwenzake Yajnavalkya kwa swali: mtu akishakufa, sauti yake ikirudi motoni, pumzi yake upeponi, jicho lake juani na mwili wake ardhini, yeye mwenyewe anabaki wapi? Yajnavalkya hajibu hadharani. Anamshika mkono, anamtoa kando ya watu, na huko faraghani wanazungumza juu ya karma: kwamba mtu huwa mwema kwa tendo jema, huwa mbaya kwa tendo baya. Artabhaga ananyamaza, hana la kuongeza.

Wataalamu wengi huliweka andiko hilo karibu na karne ya 7 au ya 6 KK. Faragha ile ina maana, kwa sababu fundisho lilikuwa geni. Katika Veda, maandiko ya Kihindu ya zamani zaidi, karma ilikuwa kazi ya ibada: kuwasha moto, kumimina samli, kutamka maneno bila kukosea hata silabi. Ibada iliyofanywa sawasawa ilileta matunda yake, iwe mvua, mifugo au watoto wa kiume. Wanafikra wa Upanishadi waliitoa nguvu hiyo madhabahuni wakaiweka katika mwenendo mzima wa mtu, kisha wakaivusha ng'ambo ya kifo hadi maisha mengine.

Upanishadi nyingine, ya Chandogya, ina kifungu kilichowaumiza watu kwa zaidi ya miaka 2,000. Wenye mwenendo mzuri, kinasema, watazaliwa katika tumbo la Mbrahmini, la mpiganaji au la mfanyabiashara. Wenye mwenendo mchafu watazaliwa katika tumbo la mbwa, la nguruwe au la chandala, mtu wa chini kabisa ambaye hata kumgusa ni najisi. Hapo swali juu ya kifo linageuka kuwa hukumu juu ya walio hai. Kwa maoni yangu, mvutano mkubwa katika historia ya karma umekuwa huu: kama wazo hili limtake mtu auchunguze mkono wake mwenyewe, au limpe ruhusa ya kumtazama mwenzake aliyeanguka na kusema amestahili.

Kufikia karne ya 5 KK, bonde la mto Ganges lilikuwa limejaa watu waliobishana juu ya jambo hili. Makkhali Gosala, kiongozi wa Waajivika, alifundisha kwamba matendo hayabadilishi chochote. Kila kiumbe hupita njia iliyokwisha kupangwa. Wajaini, ambao Waoshwal wengi wa Nairobi na Mombasa ni wa dini yao, walishikilia na bado wanashikilia kwamba karma ni chembe halisi, ndogo zisizoonekana, zinazonata rohoni mtu anapotenda. Ndiyo maana mtawa wa Kijaini hubeba ufagio laini wa kuondolea wadudu, asije akamkanyaga au kumkalia hata mmoja bila kukusudia.

Buddha aliwapinga wote hao. Kwake, karma ni nia. Anayekanyaga mdudu pasipo kujua na anayeua kwa chuki hawabebi mzigo mmoja, na hakuna ibada ya gharama inayoweza kuisafisha nia chafu. Kwa kauli hiyo mfagiaji na Mbrahmini walisimama sawa mbele ya sheria ya matendo.

Kuna mazungumzo yake mengine ambayo natamani yangejulikana zaidi. Mtu mmoja, Sivaka, alimwuliza kama ni kweli kwamba kila raha na kila maumivu anayoyapata mtu yametokana na aliyoyatenda zamani. Buddha alikana. Maumivu mengine, alisema, hutokana na nyongo, mengine na balghamu, mengine na upepo mwilini au yote matatu kwa pamoja. Mengine huletwa na mabadiliko ya majira, mengine na kutojitunza, mengine na kushambuliwa. Katika vyanzo vinane alivyovitaja, karma ni kimoja tu, na wanaosema vinginevyo, alisema, wanakwenda kinyume na yale ambayo kila mtu anayaona kwa macho yake.

Swali gumu zaidi lilibaki kwa wafuasi wake: kama hakuna roho ya kudumu, nani anayezaliwa upya na kuvuna? Katika Milindapanha, Mfalme Menander, Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi katika karne ya 2 KK, anambana mtawa Nagasena kwa swali hilo, naye anamjibu kwa mfano wa taa inayowashwa kutoka taa nyingine. Wahindu walikuwa na njia yao ya kukabiliana na matunda ya matendo. Katika Bhagavad Gita, mungu Krishna anamwambia mpiganaji Arjuna atimize wajibu wake bila kung'ang'ania matunda yake. Mpigania uhuru Bal Gangadhar Tilak, akiwa mfungwa wa Waingereza kule Mandalay, aliandika ufafanuzi wa Gita uliotoka mwaka 1915, na humo aliona wito wa kutenda na kupambana. Gandhi alisoma beti zilezile akaona amani.

Mahali pa kuiona karma ikiwa imechongwa kwenye mawe ni Borobudur, hekalu kubwa la Kibudha lililojengwa kisiwani Java katika karne ya 8 na ya 9. Mwaka 1885, Mholanzi J. W. IJzerman aligundua kwamba nyuma ya mawe ya msingi umefichwa msingi mwingine wenye picha 160 za kuchongwa. Mpiga picha wa Kijava, Kassian Cephas, alizipiga zote mwaka 1890 na 1891, mawe yakiondolewa na kurudishwa. Leo kona ya kusini-mashariki imeachwa wazi. Katika picha mojawapo watu wanachemsha samaki na kasa chunguni. Kando yake watu wanatokoswa motoni. Penye nyuso mbaya mtu amechonga neno moja juu ya picha, lenye maana ya sura mbaya, labda agizo kwa fundi kuhusu cha kuchonga. Wengi husema msingi huo ulifunikwa ili kuzuia jengo lisiteleze. Wengine wanadhani kuna sababu ya kidini. Mimi huvutiwa na maisha ya kawaida yaliyomo: mapishi, masengenyo, ugomvi, sadaka, watoto, wagonjwa.

Katika maisha hayo ya kawaida, fundisho limelegezwa na upendo. Maandiko yanasema kila mtu huvuna alichopanda mwenyewe, lakini familia zimekataa kuwaacha wapendwa wao peke yao. Huko Gaya, kando ya mto Phalgu, wana wa Kihindu hutoa matonge kwa ajili ya wazazi waliokufa. Sri Lanka, kwenye mazishi ya Wabudha, jamaa humimina maji ndani ya kikombe mpaka yafurike, huku watawa wakisoma, ili thawabu ya sadaka imfikie marehemu. Thailand kijana huingia utawani kwa muda, mara nyingi msimu mmoja wa mvua, na watu husema mama yake atashika upindo wa joho lake la manjano apande naye mbinguni.

Lakini kwa waliozaliwa chini ya ngazi ya matabaka, karma haikuwa na upole huo. Bhimrao Ambedkar, aliyezaliwa mwaka 1891 katika jamii ya Wamahar, walioitwa wasioguswa, alisoma Columbia na London, akaongoza kamati iliyoandika katiba ya India. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubudha pamoja na malaki ya wafuasi wake. Alifariki tarehe 6 Desemba mwaka huohuo. Katika kitabu chake juu ya Buddha, kilichotoka mwaka 1957, alikataa kwamba mtoto huzaliwa maskini kwa makosa ya maisha yaliyopita: fundisho hilo, aliandika, huiondolea dola na jamii lawama juu ya hali ya wanyonge. Jarida la Kibudha la Maha Bodhi lilimshambulia vikali, likaona kwamba huo ni Ubudha wa Ambedkar mwenyewe. Ni kweli kwamba aliyaacha maandiko mengi yanayozungumzia kuzaliwa upya. Hata hivyo, jibu alilopewa Sivaka limo ndani ya maandiko hayohayo, na kwa jambo hili Ambedkar alikuwa karibu nalo kuliko wengi wa waliomkosoa.