"Malaika" na Mahari ya Bonde la Mpunga

Wimbo "Malaika" umedumu kwa sababu unaimba shida halisi: kijana anapenda, lakini hana fedha za kuoa. Mwanamuziki Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na jina lake ndilo lililoenea. Adam Salim, Mtanzania, alidai kuutunga tangu 1945. Atatokea wa kusema kilichoubeba ni sauti tamu tu, maana Miriam Makeba na Harry Belafonte (1965), Boney M. (1981) na Angélique Kidjo (1991) waliuimba mbele ya watu wasiojua Kiswahili. Ni kweli, na sifa hiyo isipunguzwe. Lakini utamu wa sauti hauelezi kwa nini maneno yake yanamgusa msikilizaji wa Ifakara. Bonde la Kilombero, ulipo mji huo, huishi kwa mpunga: masika maji hutanda mashambani, na fedha ya mkulima huja baada ya mavuno, magunia yakishauzwa. Kijana asiye na gunia la kuuza atamtuma mshenga na nini? Wimbo huo unamhusu yeye kwanza. Na kwa kuwa kurekodi si kutunga, redio zetu zinapoupiga zimtaje na Adam Salim.