Siti binti Saad: Mama wa taarab aliyewaachia wanawake sauti

SITI binti Saad, mwimbaji wa Unguja anayetajwa kuwa mama wa taarab ya Kiswahili, alizaliwa kijijini Fumba mnamo 1880 hivi katika ukoo wa kitumwa. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911 alikuwa akiuza vyungu, akivinadi kwa sauti iliyosikika mbali.

Taarab iliingia Zanzibar enzi za Sultani Barghash (1870-1888) ikiwa burudani ya kasri, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake, miongoni mwao Mbaruk Talsam, mpigaji udi kipofu kutoka Mombasa, waliishusha hadi mitaa ya Ng'ambo na kuiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Santuri hizo zilienea kote Pwani.

Siti hakujua kusoma wala kuandika. Wanakikundi walileta habari za mtaani, na beti zikatungwa kwa pamoja. Kwa hiyo, si sawa kumhesabu kuwa mtunzi pekee, wala si haki kumwona kama chombo cha kutamka maneno ya wanaume. Wimbo "Kijiti" ulisimulia kisa cha kweli: mwanamke aliuawa, mtuhumiwa akaponyoka mkono wa sheria, na adhabu ikawaangukia wanawake waliotoa ushahidi. Wanyonge wasio na wakili wala gazeti walipata msemaji.

Siti alifariki 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake uliochapishwa 1958, na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA) kililipa jarida lake jina la Sauti ya Siti.

Katika uimbaji, mrithi wake mashuhuri alikuwa Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyejifunza nyimbo za Siti kwa kumsikiliza. Yeye alichanganya taarab na ngoma za unyago, akibadilisha maneno apendavyo. Sifa za kimataifa zilimjia uzeeni: alituzwa na WOMEX mwaka 2005, na akafariki Aprili 17, 2013, bila utajiri uliolingana na jina lake. Mjini Mombasa, Zuhura Swaleh na Malika walivuma katika fani hiyo hiyo, Zuhura akiipamba taarab kwa mahadhi ya chakacha.

Jukwaa la taarab, ambalo zamani lilikuwa la wanaume, leo halikamiliki bila sauti ya mwanamke. Lililosalia ni suala la haki. Nyimbo zilizotungwa barazani na kupokezanwa kwa mdomo ni vigumu kuzithibitishia mwenyewe, na asiyethibitisha umiliki hapati mrabaha. Ndiyo maana kuhifadhi kumbukumbu za wakongwe wangali hai ni jambo la dharura: huo ndio ushahidi watakaouhitaji wao na warithi wao.