Kutekwa na Kushindikana: Neno la Kilatini na Historia ya Mfangano

Kiingereza kina neno "inexpugnable", ambalo siku hizi ni nadra kusikika. Asili yake ni Kilatini: pugnus ni ngumi, pugnare ni kupigana, na expugnare ni kuteka kwa mapigano. Kwa hiyo ngome iliyopewa sifa hiyo ni ngome isiyotekeka kwa nguvu. Juu ya ndoa, soko au shule neno halisemi lolote.

Kisawe chake katika Kiswahili si chepesi kupatikana. Kutokana na kitenzi shinda, mtu angetazamia "isiyoshindika". Lakini kushindika ni pia kukamua mafuta, tena ni kurudisha mlango bila ya kutia komeo. Msemaji wa kawaida hupita njia nyingine kabisa. Mtoto aliyewachosha walezi wake husemwa "ameshindikana", wala hapana kikanushi hapo. Kiingereza hukana kwamba kitu chaweza kutekwa. Kiswahili hueleza kuwa kila njia imekwisha jaribiwa, na wajaribuo ndio walioshindwa.

Tofauti hiyo yaonekana wazi katika kisiwa cha Mfangano, ndani ya Ziwa Viktoria, katika eneo la Homa Bay. Masimulizi ya Abasuba, ambayo Henry Okello Ayot aliyashughulikia katika kitabu chake cha mwaka 1979, huwatoa wengi wa mababu zao upande wa Buganda na Busoga, wakikimbia fitina na vita. Maji yaliyokizunguka kisiwa na mlima wake wenye miteremko mikali vilikuwa kinga njema kwa wakimbizi. Kwa maana ya Kilatini, basi, Mfangano ilistahili sifa.

Lugha yao haikupata kinga hiyo. Kisuba ni lugha ya Kibantu. Kijaluo ni ya Kiniloti, nacho hakikuhitaji jeshi. Kiliingia pamoja na wake walioolewa kutoka kwa Wajaluo, kikasikika sokoni, kikatumiwa kanisani na shuleni. Ngumi haikuinuliwa. (Hata jina la Luo-Abasuba, alilolitumia Ayot katika anwani ya kitabu chake, laonyesha jinsi mambo yalivyokwisha changamana.) Franz Rottland na Duncan Okoth Okombo walipoandika juu ya uhamaji huo mwaka 1992, Abasuba wengi wa bara walikuwa wamekwisha kuacha lugha ya mababu, na Mfangano ndiyo iliyobaki makao yake makuu.

Kusema kwamba Kisuba kimeshindikana ni mapema mno. Kusema kwamba kimetekwa ni kosa la historia.