Eugène Jamot: koloneli munganga aliyepigana na malale

Eugène Jamot alikuwa munganga wa jeshi la Ufaransa, akapanda mpaka cheo cha koloneli. Afrika ya Kati inamukumbuka juu ya mambo mawili: namna yake ya kutafuta wagonjwa wa malale kijiji kwa kijiji, na msiba wa Bafia.

Alizaliwa 1879 katika jimbo la Creuse. Kwanza alifundisha shule, kisha akasomea uganga na kuingia jeshi la makoloni. Mwaka 1916 alipewa kuongoza Institut Pasteur ya Brazzaville.

Wakati ule wanganga walingojea wagonjwa hospitalini. Lakini malale, inayoletwa na nzi tse-tse, inaanza pole pole: homa, tezi za shingo kuvimba. Usingizi wa muchana na akili kuvurugika vinakuja nyuma, ugonjwa ukiisha kufika kwenye ubongo. Basi mwaka 1917 Jamot alianzisha ekipe za kutembea kule Oubangui-Chari, leo Jamhuri ya Afrika ya Kati: mwandishi, wenye kupima shingo, wenye mikroskopu, wenye kupiga sindano. Kwa miaka miwili walipima watu karibu 90,000. Watu hawakuulizwa kama wanataka. Chefu aliamriwa kuwakusanya.

Tangu 1922 kazi iliendelea Kameruni. Ndiko, katika Bafia, munganga mumoja aliyekuwa chini ya Jamot aliongeza kipimo cha tryparsamide, dawa ambayo ikizidi inaharibu mishipa ya macho. Watu karibu 700 walipofuka. Jamot hakuamuru kipimo kile, lakini yeye ndiye alikuwa mukubwa wa kazi. Mwaka 1931 alishikwa Dakar akiwa safarini kurudi Kameruni, na kazi ile akanyanganywa. Alitumika tena Ouagadougou, akastaafu, akafa Ufaransa 1937.

Habari hii si ya mbali. Wagonjwa wengi wa malale duniani wanapatikana Kongo yetu, na ekipe za kutembea zingali zinapita vijijini. Kupimwa na kutunzwa ni bure. Tangu 2018 kuko pia dawa ya vidonge, fexinidazole, inayomezwa siku 10, na iliyojaribiwa zaidi hapa Kongo.

Ekipe ikifika kwenu, mujitokeze mapema, hata kama hamusikii maumivu. Tena muulize: dawa hii inaitwaje, kipimo ni ngapi, na inaweza kuumiza wapi? Watu wa Bafia hawakupewa nafasi ya kuuliza.